Deraya inapendeza kwenye sanamu, mwilini haivaliki: niirekebishe au niitupe?

Swali: Nimetengeneza deraya nzima, yaani vazi la kivita la kukinga mwili, kwa sponji ya EVA (sponji ya plastiki nyepesi) ili niivae kwenye maonyesho ya mavazi ya kuigiza: chapeo, dirii (kinga ya kiwiliwili), mabega, mikono, mapaja na vikinga miundi. Nikiivalisha sanamu inapendeza kweli. Nikiivaa mimi, dirii inapanda hadi kidevuni kila nikikaa, mabega yananizuia kuinua mikono, rangi imepasuka kwenye viwiko, na mshono wa paja la kulia uliachia siku ya kwanza tu. Ndani ya chapeo joto ni kali na miwani inaingia ukungu. Rafiki yangu ananiambia niitupe nitengeneze nyingine kwa printa ya 3D. Nifanyeje?

Jibu: Usiitupe, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, kipande cha kutengeneza upya ni kimoja tu, nacho ni dirii. Vilivyobaki vinataka kupunguzwa, kufungwa kwa namna nyingine na kupakwa rangi upya sehemu chache. Printa isingekuokoa. Ungepata dirii ile ile inayopanda kidevuni, tena ngumu kuliko hii.

Karibu kila unacholalamikia kimetoka mahali pamoja: deraya yako ilipimwa kwenye sanamu. Sanamu haipumui, haiketi, haipandi ngazi, na kwapa lake halijikunji. Umbo linaweza kukaa sawasawa juu yake na bado likakushinda kuvaa, kwa sababu mwili wa mtu hubadilika vipimo kila unapojongea. Kwa hiyo kabla hujagusa gundi wala rangi, ivae yote, ukiwa na nguo za ndani zile zile utakazovaa siku ya maonyesho, na umwite mtu wa kukusaidia akiwa na chaki. Kaa kwenye kiti kigumu. Inama ushike magoti. Inua mikono yote miwili juu ya kichwa, kisha jikumbatie mwenyewe. Panda ngazi chache. Geuza kichwa kushoto na kulia. Kila mahali vipande viwili vinapogongana, au kipande kinapokuchoma mwilini, msaidizi wako achore alama. Usijikaze na usivumilie. Kinachosumbua kidogo mwanzoni ndicho kitakachokutoa damu jioni. Alama hizo usizifute, maana tutazihitaji hata wakati wa kupaka rangi.

Sasa tuanze na dirii, kwa sababu ndiyo inayoharibu mambo mengine.

Weka kiganja ubavuni, kisha jiinamishe upande huo huo. Pale mwili unapojikunja ndipo kiuno chako kilipo. Watu wengi hushangaa kukikuta juu sana kuliko mkanda wa suruali. Dirii za chuma za mashujaa wa Ulaya wa karne ya 15 na 16 ziliishia hapo hapo kiunoni, ndiyo maana ukizitazama kwenye makumbusho unaona kama ni fupi. Chini ya kiuno mafundi wale waliweka mabamba membamba yanayolaliana, yanayoweza kukunjamana juu mtu akiinama na kurudi chini akisimama. Mtengenezaji wa leo hutazama picha, huona tumbo lote limefunikwa, naye hukata kipande kimoja kirefu kutoka kifuani hadi kwenye mkanda. Akiketi, mapaja yanakisukuma kipande hicho juu, na njia pekee iliyobaki ni kuelekea kidevuni. Hilo ndilo linalokupata.

Kwenye dirii yako ya sasa unaweza kujaribu tiba kabla ya kutengeneza mpya. Kaa kwenye kiti, msaidizi achore mstari kuzunguka kiuno, ukate sentimita moja nje ya mstari huo. Kaa tena, pumua, kata tena kidogo panapogusa. Sehemu uliyoikata usiitupe: ndiyo itakayokuwa mabamba ya chini. Igawe katika mikanda mitatu, kila mmoja mpana kiasi cha kulalia mwenzake kwa sentimita 2 hivi, uiunganishe kwa ndani kwa kanda tatu za nailoni za wima, moja katikati na mbili pembeni. Gundi ishike kanda kwenye ukingo wa juu tu wa kila bamba, ili sehemu ya chini ibaki huru kuteleza, kama magamba ya kakakuona. Mimi hupendelea bamba la chini lipite nje ya lile la juu, kwa sababu paja linapoinuka hulisukuma nje na tumbo linabaki salama.

Makato ya mikono nayo ni madogo mno kwenye dirii nyingi ninazoletewa. Jikumbatie tena ukiwa umeivaa. Utasikia kingo za kifua zikikukata mbele ya bega, karibu na kwapa. Hapo ongeza kina cha mkato kuelekea katikati ya kifua mpaka mikono ipishane bila shida. Usiogope pengo linaloonekana. Kazi ya bamba la bega ni kulifunika. Mafundi wa zamani walilijua hili vizuri, na bega la chuma mara nyingi lilikuwa na upande wa mbele ulioshuka kulinda kwapa kwa sababu dirii yenyewe ilikuwa imekatwa ndani sana.

Ukishajiridhisha kwamba umbo la majaribio linakwenda na mwili, ndipo utengeneze dirii ya kudumu. Njia ya nailoni na tepu bado naiona bora kuliko vipimo vya kompyuta kwa mtu anayejitengenezea mwenyewe. Vaa fulana kuukuu, msaidizi akuzungushie kiwiliwili kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula bila kuibana, kisha abandike tepu juu yake kwa vipande vifupi vifupi. Tepu ndefu hubana na kupunguza kifua. Kabla ya kuivua, chora mstari wa katikati mbele na nyuma, mistari ya ubavuni, kiuno, na makato ya mikono yaliyokwisha kuthibitishwa. Chora pia vijistari vifupi vinavyokata kila mshono kila baada ya sentimita 5. Hivyo ndivyo vitakavyokuambia nini kinakutana na nini ukianza kugundisha. Kata ubavuni kwa mkasi wenye ncha butu, ukitenganisha mkasi na ngozi kwa vidole. Ganda likishatoka, lilaze mezani. Halitalala. Basi likate pale linapovimba mpaka kila kipande kilale bapa chenyewe. Pale ulipolazimika kukata ndipo mishono ya dirii yako ilipo, na hakuna aliyekupangia ila mwili wako.

Kuna hesabu moja ambayo watu huiruka. Sponji ina unene, na unene unakula nafasi. Ukizungusha sponji ya milimita 10 kifuani, katikati ya unene wake ni ndefu kuliko mzingo wa mwili kwa takriban sentimita 3, na uso wa nje kwa zaidi ya 6. Patani, yaani vile vipande bapa vya ganda unavyokatia sponji, iliyochukuliwa juu ya ngozi ikahamishiwa kwenye sponji bila nyongeza itatoa dirii inayobana hata kama kila mstari ulifuatwa. Ongeza sentimita hizo 3 mzunguko mzima, uzigawe kwenye mishono ya ubavuni na ya mgongoni. Kisha vuta pumzi hadi mwisho, upime kifua wakati huo, na tofauti kati ya kipimo hicho na cha kawaida iachie lastiki pana ubavuni. Usiiweke kwenye sponji, kwa sababu dirii itakayokuwa imelegea ukipumua kwa kawaida huanza kucheza na kugonga.

Pumzi si jambo dogo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds uliochapishwa mwaka 2011 uliwapima watu wakitembea na kukimbia ndani ya nakala za deraya za chuma za karne ya 15, ukaonyesha kwamba kutembea kuliwagharimu zaidi ya mara mbili ya nguvu za kawaida. Sababu mbili ndizo zilizotajwa: uzito uliobebwa na miguu, kwa kuwa kila hatua unaunyanyua upya, na kifua kilichoshindwa kupanuka. Deraya kamili ya vita ilikuwa na kilo 15 hadi 25, na yako haifiki hata theluthi. Lakini kanuni haibadiliki. Punguza uzito miguuni, na uipe mbavu nafasi.

Hapa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha deraya ya kupigia picha na deraya ya kuvaliwa kutwa: namna vipande vinavyoning'inizwa. Wewe, kama wengi, umefunga mabega kwenye dirii, na mapaja umeyabana yajishikilie yenyewe. Matokeo yake kila kipande kinavuta chenzake. Shujaa wa karne ya 15 alivaa kwanza kizibao kigumu cha kitambaa, kimeshonwa kwa vipimo vya mwili wake, chenye nyuzi za kufungia. Mapaja yalifungwa kwenye kizibao hicho kiunoni, na mikono ilifungwa kwenye mabega yake. Dirii nayo ilibana kiuno, ikaegemea nyonga, kwa hiyo mabega hayakubeba kila kitu.

Tengeneza cha kwako. Kizibao cha kitambaa imara kisichonyumbuka kinatosha, kikiwa na kanda za nailoni zilizoshonwa mabegani na mkanda mpana unaokaa juu ya nyonga. Shona, usigundishe, gundi ya kitambaa haidumu na jasho. Mkanda wa nyonga ubebe mapaja kwa kanda mbili kila upande, moja mbele na moja pembeni, zenye bizimu ili uweze kupandisha na kushusha. Nyuma ya paja usizungushe sponji. Acha wazi, funga kwa lastiki pana, kwa sababu paja huvimba unapoketi. Nina hakika mshono wako wa kulia uliachia wakati wa kukaa na si wakati wa kutembea.

Mabega sasa. Inua mkono wako mbele ya kioo ukiwa kifua wazi, utazame: si mkono peke yake unaoinuka. Mtulinga unapanda, bega zima linasogea kuelekea sikioni. Bamba lililogandishwa kwenye dirii haliwezi kufuata mwendo huo, kwa hiyo ama linazuia mkono ama linainua dirii yote. Wajapani walikuwa na suluhisho zuri. Mabamba makubwa ya mraba ya mabegani yalining'inizwa kwa kamba kutoka kwenye kanda za bega, yakabaki huru kurudi nyuma mpiga upinde alipoinua mikono. Chukua wazo hilo. Bamba lako la bega lishikwe sehemu moja tu juu, karibu na shingo, kwa ukanda mfupi uliotoka kwenye kizibao. Chini lizungukwe na lastiki inayoshika msuli wa mkono. Sehemu hizo mbili tu zinatosha. Ukiinua mkono, lastiki inalivuta bamba lifuate, na ukanda wa juu unaliacha ligeuke.

Kama bega lako ni kuba moja kubwa linaloshuka hadi nusu ya mkono, litenganishe. Kuba fupi juu, kisha mikanda miwili au mitatu chini yake, vilivyounganishwa kwa ndani kwa ukanda mmoja wa katikati usionyumbuka na lastiki mbili pembeni. Wapo wanaotumia ribiti (misumari mifupi ya kuunganishia mabamba) zinazoteleza ndani ya tundu refu, kama zilivyokuwa kwenye deraya za chuma, na zinavutia sana. Kwenye sponji zinahitaji wosha (vijisahani vyenye tundu) pana pande zote mbili na tundu lililoimarishwa kwa ngozi au plastiki nyembamba, la sivyo ribiti itachana njia yake yenyewe. Kwa deraya ya kwanza, baki na kanda. Na ukingo wa kuba ulio upande wa shingo upunguze mpaka mkono ukiwa juu kabisa usiguse chapeo.

Ukitaka kuona jambo hili lilivyofikishwa ukomo, tafuta picha za deraya ya kupigania kwa miguu iliyotengenezwa kwa ajili ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza mwaka 1520, ambayo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya silaha ya Royal Armouries mjini Leeds. Ilikusudiwa kwa mashindano makubwa kati yake na mfalme wa Ufaransa, lakini sheria za mashindano zikabadilishwa kazi ikiwa haijaisha, kwa hiyo iliachwa bila kukamilishwa. Imefunika kila kitu, hata ndani ya kiwiko, nyuma ya goti na makalio. Itazame kwa karibu: palipo na mfupa mrefu pana bamba moja pana, na palipo na pindo la mwili pana msururu wa mabamba membamba. Hakuna bamba hata moja linalolazimishwa kupinda. Wewe huhitaji kufunika mapindo yote. Kitambaa cheusi kinachobana ndani ya kiwiko na nyuma ya goti hakionekani kwa mtazamaji. Ila kanuni hiyo ya mfupa na pindo itumie mwili mzima.

Nayo inajibu swali lako la rangi. Viwiko vyako vimepasuka kwa sababu sponji inapinda pale, na hakuna rangi inayopenda kupindwa maelfu ya mara. Kata kiwiko kiwe kikombe kidogo kinachokaa juu ya kisugudi na mkanda mmoja juu na mwingine chini yake, mpindo utokee kati ya vipande. Kisha tafuta sababu ya pili, ambayo ni tabaka zenyewe. Kabla ya rangi, uso wa sponji unatakiwa kufungwa kwa joto: pitisha mashine ya hewa ya moto kwa mwendo usiosimama, nawe utaona sponji ikiacha kufifia na kupata mng'ao hafifu. Hapo imetosha. Ikianza kutoa moshi umeiunguza, na mvuke wake si wa kuvuta. Baada ya hapo vipande visivyopinda unaweza kuvifunga kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, tabaka tatu au nne nyembamba. Vinavyopinda hata kidogo vifungwe kwa rangi ya mpira ya kupuliza au kupaka, ambayo hunyumbuka na sponji. Juu yake rangi ya akriliki, tabaka nyembamba zilizoachwa zikauke. Rangi za mafuta za chuma na mbao hukauka ngumu kama ganda, na ganda hupasuka.

Rangi iliyokwisha kupasuka usiifunike kwa rangi nyingine. Ipige msasa laini mpaka maganda yote yatoke na ukingo wa rangi nzima usionekane kwa kidole, funga upya, paka upya. Na daima jaribu mchanganyiko wako kwenye kipande cha ziada, kiache siku nzima, kisha kikunje. Kikipasuka mkononi kitapasuka mwilini.

Mshono ulioachia ni suala la gundi na suala la mkato. Gundi inayofaa ni ile ya mafundi viatu, inayopakwa pande zote mbili. Ukingo uliokatwa wa sponji una vitundu vilivyo wazi vinavyokunywa tabaka la kwanza, kwa hiyo paka tabaka jembamba, liache likauke, paka la pili. Kisha subiri. Kwa kawaida ni dakika 10 hadi 15, lakini amini kidole kuliko saa: gusa, na kama gundi inavutika kwa nyuzi bado ni mbichi, kama inanata bila kutoa nyuzi wala kuhamia kwenye kidole, iko tayari. Kutanisha vijistari vyako kwanza, kisha bana kwa nguvu kwa vidole, sentimita kwa sentimita. Nguvu ya gundi hii hutokana na mgandamizo huo. Kuifunga kwa kamba usiku kucha hakusaidii kama mwanzoni hukuibana.

Mkato nao uwe wima. Wembe butu hurarua sponji, na ukingo uliorarika hugusana kwa nusu ya unene tu. Sponji humaliza makali ya wembe haraka mno, kwa hiyo vunja ncha mpya mapema, kabla hujaona kazi ikiharibika. Kwa paja lako, ondoa nyuzi za gundi ya zamani, kwaruza kidogo kwa msasa, paka tabaka mbili mpya, na baada ya kuunganisha bandika kwa ndani utepe wa kitambaa wa sentimita 3 kufuata mshono wote. Mshono wowote unaobeba mvuto upewe utepe huo. Na kumbuka kwamba joto huilegeza gundi hii. Umbo la duara lipatikane kwanza kwa hewa ya moto, kugundisha kufuate. Kuliacha vazi ndani ya gari lililofungwa juani kunatosha kufungua mishono iliyokuwa imara.

Hapa lazima niseme kwa msisitizo. Mvuke wa gundi hii ni hatari kwa mapafu na ubongo, na unashika moto. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiuzuii hata kidogo. Unahitaji barakoa ya mpira yenye chujio za mvuke wa kemikali, na chumba chenye hewa inayopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mashine ya hewa ya moto isiwashwe karibu na gundi mbichi. Unapopiga msasa sponji, vaa barakoa ya vumbi na miwani ya kazi. Nimeona watu makini sana kwenye mishono wakiwa wazembe kwenye pumzi zao, na hilo linanihuzunisha kuliko deraya yoyote iliyoharibika.

Chapeo ina tiba rahisi zaidi kuliko unavyodhani. Tatizo si chapeo kuwa imefungwa, bali hewa kutosogea. Ondoa sponji laini uliyobandika ndani yote, uweke vipande vitano au sita tu: paji la uso, pande mbili, kisogo na utosi. Kati ya vipande hivyo hewa inapita. Weka feni ndogo mbili za volti 5 zinazotumia pawabenki, moja ikivuta hewa ya nje chini karibu na mdomo, nyingine ikisukuma hewa ya moto nje juu kisogoni. Feni moja inayozungusha hewa ile ile haisaidii. Ya chini ielekezwe ipite mbele ya miwani na ukungu utapungua sana. Punguza pia pedi ya paji la uso ili macho yasogelee tundu la kuonea. Jicho likiwa karibu na tundu huona eneo pana zaidi, bila kuongeza ukubwa wa tundu. Pamoja na hayo, chapeo ivuliwe mara kwa mara na maji yanywewe kabla ya kiu. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa, deraya yote ivuliwe mara moja na mwili upozwe.

Kuhusu printa, siichukii. Inafaa sana kwa vitu vidogo vyenye kingo kali ambazo sponji haziwezi: nembo, mabizimu ya mapambo, vichwa vya ribiti. Lakini plastiki ya PLA inayotumiwa na wengi huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo nayo haiwezi kuachwa kwenye gari juani, na kipande kikubwa cha kifua kikipigwa dafrau hupasuka badala ya kubonyea. Tena hakinyumbuki hata milimita moja ukivuta pumzi.

Baada ya dirii mpya, kizibao na mabega kufungwa upya, rudia majaribio ya mwanzo kabla ya kupaka rangi chochote. Yakipita, ndipo uingie kwenye mapambo, na hapo uwe na subira kwa sababu ndiko kwenye raha ya kazi hii. Sponji nene yenye ukingo wa mraba hujitangaza kuwa sponji hata ikipakwa fedha nzuri namna gani. Punguza kingo kwa pembe, au zungushia mpaka ukanda mwembamba wa sentimita moja ili ukingo uonekane umekunjwa, kama mafundi chuma walivyokunja kingo kuzipa nguvu. Ukitaka mistari ya mapambo, ichore kwa ncha ya wembe bila kufika nusu ya unene, kisha pitisha hewa ya moto. Mstari ulioonekana kama unywele utafunguka mbele ya macho yako uwe mfereji safi wenye umbo la V. Huu ni ufundi mdogo na bado kila nikiufanya nasimama kuutazama.

Rangi ya msingi iwe nyeusi, kisha fedha ipakwe kwa brashi iliyokaribia kukauka, ikigusa miinuko tu. Rangi nyeusi na kahawia iliyochujuka kwa maji ipakwe ndani ya mifereji, ifutwe juu kwa kitambaa. Na zile alama za chaki nilizokuambia usizifute, hamishia kwenye karatasi kabla ya kufunga sponji. Pale vipande vilipogusana ndipo chuma kingesuguliwa kikang'aa. Weka mng'ao wa chuma kitupu hapo, na uchakavu wa deraya yako utakuwa na sababu. Mikwaruzo inayotawanywa popote huonekana ya kubuni.

Siku ya maonyesho beba mfuko wenye lastiki ya ziada, sindano na uzi mnene, bizimu mbili, pini kubwa, tepu ya kitambaa na chupa ndogo ya gundi iliyofungwa vizuri. Nenda na mtu wa kukusindikiza, naye umfundishe nyumbani kuvua chapeo na dirii bila msaada wako: bizimu ipi ifunguliwe kwanza, upande gani, na lastiki gani ikatwe kama bizimu ikigoma. Afanye mazoezi mpaka aweze bila kukuuliza.